Ati Moyo ni wa Raga, Miguu ni ya Mbio?

 Nina neno moja ambalo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu muhula wa kwanza, na kwa kuwa mhariri amekubali kunipa kurasa, leo nitalitema.

Kuna usemi umezuka hapa shuleni petu. Wanasema, "Raga ni ya wenye moyo, mbio ni ya wenye miguu." Utausikia kwenye foleni ya githeri, utausikia nyuma ya maabara, na hata walimu wawili watatu nimewasikia wakiutamka huku wakicheka. Maana yake ni kwamba wachezaji wa michezo ya kugongana miili ndio wanaojiamini, ilhali sisi wa riadha, voliboli na netiboli ni watu waliojaliwa maumbile tu: mwenye miguu mirefu hukimbia, mwenye kimo huruka, basi, yameisha. Kama maneno yangebaki maneno, ningeyaacha yapite kama upepo. Lakini fedha za michezo zilipopungua mwaka huu, usemi huo huo uligeuzwa hoja. Tuliambiwa kwamba kidogo kilichopo kielekezwe kwenye raga na soka kwa sababu michezo hiyo "hujenga ujasiri wa kijana", na kwamba ujasiri huo utamfaa hata katika chumba cha mtihani wa KCSE. Riadha na netiboli zingoje. Mimi hukimbia mita 3,000 na ni mlinzi katika timu ya netiboli, kwa hivyo nimeombwa ningoje mara mbili. Badala ya kungoja nimeandika.

Kwanza tuelewane kuhusu lenyewe hilo neno kujiamini, maana sisi ni watu wa Chama cha Kiswahili na haifai tulitupe neno ovyo kama ganda la ndizi. Kiswahili kina ujasiri, kina ushupavu, kina ukakamavu, na kina pia kujigamba na kujitapa, ambavyo ni ndugu wa mbali wasiotakiwa harusini. Haya yote watu huyatia katika chungu kimoja na kukiita kujiamini. Mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani hadi akawa mmojawapo wa wataalamu mashuhuri wa taaluma yake, alichapisha makala mwaka wa 1977 ambamo alitenga kitu kimoja kutoka kwa hivyo vingine. Kitu hicho ni imani aliyo nayo mtu kwamba anaweza kulitenda jambo fulani katika hali fulani. Hakumaanisha kujipenda, wala kujiona bora kuliko wenzako, wala kutumaini tu kwamba mambo yatakuwa mazuri. Ni jibu unalojipa moyoni ukiulizwa, "Hili hapa mbele yako, unalimudu?" Katika makala hii nitaiita imani ya kumudu.

Tazama basi jambo lenyewe lilivyo. Imani ya kumudu haikai ndani ya mtu kama maji ndani ya mtungi, kwamba ukishajaa utachota ya kupikia na ya kuogea. Mtu anaweza kuwa nayo tele katika jambo moja na asiwe nayo hata chembe katika jingine. Nahodha wetu wa raga ni rafiki yangu na ameniruhusu niandike haya. Humkaba mtu wa kilo 90 anayemjia kama lori lililokatika breki, akamwangusha, akainuka akipangusa matope. Lakini mwalimu akimwita mbele ya darasa asome insha yake, sauti humkauka na karatasi hutetemeka mkononi kama jani la mgomba. Je, tuseme ni mwoga? La hasha. Amemudu kukaba kwa kuwa amekaba mara mia moja. Kusoma mbele za watu amekufanya mara tatu, na mara zote tatu darasa lilimcheka.

Kwa hivyo hoja ya kwamba ujasiri wa raga utajimwaga wenyewe kwenye karatasi ya hisabati haina miguu. Sikatai kwamba mtu aliyeshinda magumu mahali pamoja huweza kujipa moyo mahali pengine, hasa mambo hayo yakifanana. Lakini logarithimu hazikabwi. Anayetaka kuamini kwamba anazimudu sharti akae nazo, akokotoe, apate moja, apate mbili, apate kumi. Hakuna njia ya panya.

Bandura alisema imani hii hulishwa na vyakula vinne. Cha kwanza na chenye nguvu kuliko vyote ni kutenda na kufaulu mwenyewe. Cha pili ni kumwona mtu kama wewe akifaulu. Cha tatu ni maneno ya mtu unayemheshimu. Cha nne ni mwili wenyewe: moyo unavyodunda, tumbo linavyokoroga, na namna unavyoitafsiri hali hiyo, kama ni dalili ya hofu au dalili ya kuwa tayari. Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo wenzetu wa raga na sisi wa mbio tunapoachana njia. Sote tunakula vyakula hivyo vinne, lakini hatupakuliwi kwa sahani moja.

Tuanze na wenzetu. Mchezaji wa raga, wa ndondi, wa mieleka au wa judo hupata jibu lake papo hapo. Akimkaba mtu, mtu huyo huanguka au haanguki. Hakuna haja ya kumwuliza mwalimu. Anasikia kwa mabega yake, na wenzake kumi na wanne wanapiga kelele. Hofu yake pia iko wazi. Inamjia mbele yake ikiwa na jezi na namba mgongoni. Kocha mzuri huanza kumfundisha akiwa amepiga magoti, kisha akitembea, kisha akikimbia polepole, na kila hatua ni kufaulu kudogo kunakoongezwa juu ya kingine. Ndiyo maana kijana aliyejiunga na timu Januari akitetemeka, kufikia Juni huonekana mtu mwingine kabisa. Nimeliona kwa macho yangu na silibezi.

Tena raga ina imani ya pamoja, ile ya timu kujua kwamba "sisi tunaweza" hata kama mimi peke yangu leo miguu ni mizito. Mfano ulio karibu na mioyo ya Wakenya ni Singapore, tarehe 17 Aprili 2016, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba ilipoilaza Fiji alama 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa kombe la kwanza la namna hiyo katika msururu wa dunia. Fiji haikuwa timu ya kubahatisha, jameni. Miezi minne baadaye ilinyakua dhahabu ya kwanza ya Olimpiki ya raga ya wachezaji saba huko Rio. Na sisi? Kutoka Rio hiyo hiyo tulirudi bila nishani. Nalitaja hili si kwa kuwacheka, bali kwa sababu wanaosifu moyo wa raga husimulia Singapore wakaishia hapo, kana kwamba imani ikishapandishwa mlingotini haishuki tena. Imani hupanda na kushuka. Huhitaji kulishwa kila wiki.

Sasa njoo upande wetu. Hata mpaka wenyewe kati ya michezo ya kugongana na isiyo ya kugongana una tope. Mpira wa vikapu ulibuniwa na James Naismith huko Springfield, Marekani, mwaka wa 1891, na katika kanuni zake za mwanzo alikataza watu kusukumana na kupigana vikumbo. Hebu nenda ukautazame leo chini ya kikapu. Netiboli inamtaka mlinzi asimame sentimita 90 kutoka kwa mguu wa mwenye mpira, na mwenye mpira ana sekunde tatu tu za kuutoa. Kwenye karatasi ni mchezo wa adabu. Waulize magoti yangu. Lakini tukiacha utani, michezo kama riadha, voliboli, badminton na kurusha mkuki ina sifa moja: hakuna anayekuzuia kwa mwili wake. Mpinzani yuko ng'ambo ya wavu au katika njia yake mwenyewe. Anayekuzuia aghalabu ni wewe, kwa vile unavyozungumza na nafsi yako kwenye mzunguko wa sita, pumzi zimepanda na hakuna wa kukupigia kelele isipokuwa ng'ombe wa jirani.

Nani atasema mchezo wa namna hii hauhitaji moyo? Mchukueni Julius Yego. Alizaliwa Nandi mwaka wa 1989, katika nchi ambayo ukimwambia mtu wewe ni mwanariadha anakuuliza mbio zako ni za masafa gani. Hapakuwa na desturi ya mkuki ya kumtegemeza, wala bingwa wa dunia wa mkuki kijijini wa kumtazama. Akaingia kwenye mtandao wa YouTube akawa anatazama video za magwiji wa Ulaya, Jan Železný na Andreas Thorkildsen, jinsi wanavyopiga hatua na jinsi wanavyouachia mkuki. Hicho ndicho chakula cha pili, kumwona mwingine akifanya, ila yeye alikipata kupitia kioo cha kompyuta. Mwaka wa 2012 alifika fainali ya Olimpiki ya London. Mwaka wa 2015 jijini Beijing akaurusha mkuki mita 92.72, akawa bingwa wa dunia na kuweka rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akapata fedha huko Rio. Hakumgonga mtu yeyote. Moyo huo ulitoka wapi kama moyo ni wa raga?

Au tumtazame dada yetu Faith Kipyegon, ambaye kwangu mimi ndiye mfano bora kuliko wote. Tarehe 26 Juni 2025 alijaribu jijini Paris jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya: kukimbia maili moja chini ya dakika nne. Dunia nzima ilikuwa inatazama. Alitumia dakika 4 na sekunde 6.42. Yaani alikosa, na alikosa mbele ya kila mtu. Wengi wangejificha chini ya kitanda mwezi mzima. Siku tisa baadaye, tarehe 5 Julai, kule Eugene, Marekani, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68 na kuivunja rekodi ya dunia ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Mimi husoma hivi: saa ilimwambia kwamba ameshindwa kufika dakika nne, lakini saa hiyo hiyo ilimwambia kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi hiyo. Alikuwa na kipimo. Hakuachwa abahatishe kama anapanda au anashuka.

Hapo kwenye kipimo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na nawaomba radhi kwa kuwazungusha.

Mchezaji wa raga hapimwi kwa saa. Mwili wa mpinzani ndio kipimo chake. Mkimbiaji bila saa hana chochote. Uwanja wetu, kama mjuavyo, hauna njia ya kukimbilia. Tunazunguka milingoti ya magoli hadi tuchoke, kisha tunakwenda kuteka maji. Je, nimekimbia haraka kuliko jana? Sijui. Je, ilikuwa mita 2,000 au 3,000? Sijui. Ninachojua ni kwamba nimechoka, na uchovu wa aliyeboreka na uchovu wa aliyezorota unafanana kama mapacha. Mwaka jana katika mashindano ya kaunti ndogo niliandikwa "wa tano", basi. Kuwa wa tano kunategemea ni nani amekuja. Wasichana wa shule fulani ya bweni wakipatwa na malaria ninakuwa wa pili, na sijaongeza hata hatua moja.

Chakula cha kwanza, kile chenye nguvu kuliko vyote, sisi tumenyimwa kwa kukosa saa na chokaa. Kisha mtu huja akasema, "Watu wa mbio hawajiamini." Umemnyima mtu kijiko halafu unamcheka kwamba anakula kwa mikono.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa hisabati, Mungu ambariki, alitusaidia kupima uwanja kwa kamba. Mzunguko mmoja kando ya ua ulikuwa mita 312. Kwa hivyo mita 3,000 ni mizunguko tisa na mita 192, na mahali pa kumalizia tukapiga mambo kwenye mwarobaini. Mwenzetu mmoja akaazima saa ya mkononi ya baba yake, ile ya kubonyeza. Tukawa wasichana sita, kila Ijumaa kwa wiki nane, na matokeo yote yako kwenye daftari moja la mraba. Sitadanganya kwamba ilikuwa miujiza. Mmoja aliacha kwa sababu kwao ni mbali na usiku huingia njiani. Mmoja alibaki palepale. Wanne walishuka, mimi nikiwa mmoja wao, kutoka dakika 12 na sekunde 31 hadi dakika 11 na sekunde 52. Lakini wa kutazamwa si mimi. Kuna msichana wa kidato cha pili aliyekuwa ameshaamua kuacha riadha kwa kuambiwa kila siku kwamba ni mzito. Wiki ya tatu alipunguza sekunde tisa. Akaomba aione ile namba yeye mwenyewe. Akaiona, akaisoma kwa sauti, akaondoka bila kusema neno. Tangu siku hiyo hufika shuleni kabla ya bawabu kufungua lango la pili, na sasa hakuna wa kumwambia kwamba hawezi, kwa maana anazo sekunde zake.

Maneno, kile chakula cha tatu, nayo hugawanywa kwa upendeleo. Kwenye paredi ya asubuhi timu ya raga ikishindwa inaambiwa, "Mlipigana kiume." Mkimbiaji akishindwa anaambiwa, "Kwani hukula?" Na wasichana wakiuliza kama wao pia wanaweza kufundishwa raga, jibu ni "mtaumia", ilhali timu ya taifa ya wanawake, akina Lionesses, ilicheza raga ya wachezaji saba katika Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Kama mchezo wa kugongana hujenga imani, mbona nusu ya shule ifungiwe mlango wake? Hilo sijalisikia likijibiwa.

Kuhusu kumwona mtu kama wewe, hapo sisi sote wa shule za kutwa ni maskini. Mtoto wa Iten hufungua mlango asubuhi akaona bingwa wa dunia akipita barabarani na vumbi lake. David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka wa 2012, alilelewa na baba aliyerudi na nishani ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti kutoka Mexico mwaka wa 1968, na kocha wake, Brother Colm O'Connell kutoka Ayalandi, alikuwa Iten tangu mwaka wa 1976. Mtoto kama huyo akiambiwa "unaweza" haoni kuwa ni mzaha. Sisi tulio mbali na Iten tunahitaji kuonana wenyewe kwa wenyewe. Msichana wa kidato cha chini akimwona wa kidato cha juu, wa shule hii hii, wa githeri hii hii, akishusha wakati wake ukutani palipobandikwa majina, hiyo ndiyo Iten yetu.

Limebaki la mwili, na hapa nitasema jambo ambalo wenzangu wa raga hawatalipenda. Katika michezo ya kugongana, imani ya kumudu huchanganywa haraka sana na kuukana mwili. Mchezaji akigongwa kichwa akaona nyota, anaambiwa ajikaze. Kanuni za raga duniani zinasema wazi kwamba mchezaji anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata akiapa kwa jina la mama yake kwamba yuko sawa. Kuapa huko si imani. Ubongo uliotikisika ndio unaoapa. Robert Wangila, Mkenya wa pekee hadi sasa aliyeshinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani huko Seoul mwaka wa 1988 na nchi ikaimba. Mwaka wa 1994 alifariki Las Vegas baada ya pigano la kulipwa. Alikuwa na moyo mkubwa kuliko wengi wetu. Moyo peke yake haukumkinga.

Nasi wa mbio tuna ugonjwa wetu. Kwa kuwa hatugongwi na mtu, hatari yetu huingia kwa siri, kupitia kijisauti kinachosema, "Peke yako huwezi, tafuta dawa." Wakenya wengi wamefungiwa kwa sababu ya kijisauti hicho, hata ikabidi nchi itunge sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka wa 2016. Wengine walizitafuta kwa tamaa ya fedha tu, hilo halifichiki. Lakini naamini wapo waliodunga sindano kwa sababu imani ya kumudu ilikuwa imewaishia, na hakuna aliyeliona likitokea kwa sababu mkimbiaji havuji damu.

Tunapenda sana kusimulia kisa cha Kipchoge Keino, jinsi alivyokimbia Mexico mwaka wa 1968 akiwa na maumivu ya nyongo, kinyume na ushauri wa daktari, akamshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500. Ni kisa kitamu na mimi hukipenda. Ila mbona hatusimulii cha Eliud Kipchoge huko Paris mwaka wa 2024? Bingwa wa marathoni wa Olimpiki mara mbili, mwaka wa 2016 na 2021, mtu aliyekimbia marathoni kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka wa 2019 na kuuambia ulimwengu kwamba binadamu hana mipaka. Alipita kilomita 30, mgongo ukakataa, akaacha. Sidhani kama alilala usiku huo akiwa mwoga. Kujua kwamba leo hulimudu jambo, na kulisema mbele ya umati, pia kunataka imani, na kama kuna somo ambalo timu ya raga na timu ya riadha zingeweza kufundishwa katika chumba kimoja, ni hili. Mwalimu wa michezo akikubali, mimi nitapanga viti.

Najua watakaonijibu watasema fedha hazitoshi na shule haiwezi kufanya kila kitu. Nawaelewa. Karo zinachelewa, wazazi wamebanwa, na basi la kukodi halijali mchezo. Lakini sisi hatujaomba basi. Tumehesabu: tunataka saa mbili za kupimia, mifuko miwili ya chokaa kwa muhula, kipande cha ubao ukutani karibu na ofisi ya michezo pa kubandika majina na nyakati, na uwanja siku za Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja, maana kwa sasa raga inautumia siku zote tano. Voliboli nao wanataka wavu usio na shimo, nimeahidi kuwaandikia. Jambo hili si la kuwapokonya wenzetu sahani. Ni la kukumbuka kwamba wao hulishwa na mpira na mabega ya wenzao, na sisi hulishwa na sekunde.

Kamati ya michezo itakutana wiki ya pili ya muhula ujao, na mwakilishi wa wanafunzi amenihakikishia kwamba jambo hili limo kwenye ajenda, nambari nne. Daftari nitakuja nalo. Kurasa nane za kwanza ni za wasichana sita wa Ijumaa, majina yamefichwa kwa herufi. Kurasa mbili za mwisho nimeziacha wazi, kwa sababu nahodha wa raga amesikia habari za ile saa na ameniomba tumpimie vijana wake mita 40.